Nani Aliulizwa? Sampuli, Ridhaa na Akili Mnemba katika Historia ya Utafiti wa Maradhi Majanji, Busia na Tororo

Ikisiri

Maadili ya kutumia akili mnemba katika utafiti wa kisayansi hujadiliwa mara nyingi kama jambo lililozaliwa jana, tena mbali na hapa. Makala haya yanaurudisha mjadala huo katika ukanda wa Majanji, Busia na Tororo, ambako maradhi ya malale na malaria yamechunguzwa kwa zaidi ya karne moja. Kwa kufuata safari ya sampuli, tangu bahasha za mbung'o za mwaka 1903 hadi mbu wa Nagongera waliotumiwa kuifundisha programu ya kompyuta, makala yanadai kwamba kila chombo kipya cha sayansi kililihamisha swali la ridhaa badala ya kulijibu. Sehemu ya mwisho inaangalia namna sarufi ya Kiswahili inavyoweza kumficha au kumfichua mtumiaji wa sampuli.

Utangulizi

Anayesimama kwenye mwalo wa Majanji, wilayani Busia upande wa Uganda, huiona Kenya ng'ambo ya maji. Mto Sio, unaoingia Ziwa Viktoria karibu na hapo, ndio mpaka. Upande wa pili ni Sio Port, na kusini zaidi ni Port Victoria. Wasamia wanaishi pande zote mbili, na mpaka wenyewe ni mgeni kwao: hadi tarehe 1 Aprili 1902 nchi hii yote, na mbali zaidi mashariki, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Siku hiyo Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulikabidhiwa kwa Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye. Miezi michache tu baadaye walifika wanasayansi wa kwanza kuchunguza ugonjwa ambao haukujua lolote kuhusu makabidhiano hayo.

Neno akili mnemba linatumika hapa kwa maana pana ya programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na mifano mingi kisha zikabashiri juu ya jambo zisilowahi kuliona. Wako wanaopendelea akili unde au akili bandia. Ugomvi huo wa istilahi hauna nafasi hapa. Lenye nafasi ni neno mifano. Programu ya namna hii haiwezi kuwa na akili yoyote, mnemba au ya kweli, mpaka mtu fulani mahali fulani awe amekusanya mifano na kuiandikia ni mifano ya nini. Historia ya ukusanyaji huo katika ukanda wetu ni ndefu kuliko historia ya kompyuta.

Bahasha za mbung'o

Mwaka 1902 tume ya kwanza ya Royal Society ya London iliwasili Uganda. Ilikuwa na madaktari watatu: George Carmichael Low, Aldo Castellani na Cuthbert Christy. Malale yalikuwa yakiua watu kwa maelfu katika Busoga na Buganda. Makadirio ya miaka iliyofuata yalifika vifo 200,000 na zaidi. Christy ndiye aliyepewa kazi ya miguu. Alizunguka ukanda wa ziwa, nchi iliyoitwa Kavirondo ikiwamo, akitazama damu za watu na kuandika ugonjwa umefika wapi. Castellani alibaki Entebbe na hadubini yake, akaviona vimelea vya tripanosoma katika ugiligili wa uti wa mgongo wa wagonjwa.

Mwaka uliofuata alikuja David Bruce, aliyeshuku kwamba mwenezaji ni mbung'o. Ili alithibitishe hilo alihitaji kujua mbung'o wako wapi na malale yako wapi, katika nchi kubwa asiyoweza kuitembea mwenyewe. Alisaidiwa na Katikiro Apolo Kagwa, machifu na wamisionari. Watu waliagizwa wakamate nzi waumao, wawatie katika bahasha, na juu ya kila bahasha paandikwe mahali nzi alipokamatwa na kama malale yalikuwapo hapo au hayakuwapo. Bahasha zilipofika Entebbe zilifunguliwa mojamoja na alama zikatiwa kwenye ramani. Ramani ya mbung'o na ramani ya ugonjwa zikalingana.

Anayejua jinsi mashine inavyofundishwa leo hawezi kusoma habari hii bila kuitambua. Nzi ndiye mfano, maandishi ya bahasha ndiyo lebo, na kati ya mamia ya mifano yenye lebo hutokea mchoro ambao hakuna mkusanyaji mmoja aliyeweza kuuona akiwa peke yake. Kazi ya kutia lebo haijatoweka: Januari 2023 jarida la Time liliripoti habari za wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya kutisha ili programu ya ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Kwa upande wa mwaka 1903, Castellani na Bruce walizozana kwa miaka mingi kuhusu nani hasa aligundua chanzo cha malale, na mzozo huo umejaza kurasa za historia ya tiba. Waliokamata nzi hawamo katika mzozo huo.

Ramani ile ilikuwa sahihi, na hapo ndipo ugumu wa maadili yake unapoanzia. Kama ingekuwa na kosa tungeilaumu na kuendelea. Kwa kuitegemea, tangu mwaka 1906 serikali ya Hesketh Bell iliamuru watu wa Buganda na Busoga wahame ukanda wa maili mbili kutoka ziwani. Waliacha mashamba, makaburi na mitumbwi. Bahasha aliyoijaza mtu kwa agizo la chifu ilirudi kwake ikiwa amri ya kuhama, wala hapakuwa na hatua yoyote katikati ambapo aliulizwa kama nzi wake watumike kwa jambo hilo. Huenda angekubali; maiti zilikuwa nyingi, na wengi walitamani msaada wowote. Lakini kukubali na kutoulizwa ni mambo mawili.

Wakati huohuo, katika visiwa vya Sese, Robert Koch alikuwa akiwadunga wagonjwa dawa ya atoksili yenye arseniki, na alipoona vimelea vinarudi aliongeza kipimo. Wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka. Koch alikuwa ametoka kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905.

Tororo: pongo, ng'ombe na mtu aliyejitolea

Katika miaka ya 1950 utafiti wa malale wa Afrika Mashariki ulipata makao Tororo, chini ya vilima vya Sukulu. Taasisi hiyo ilijulikana kwa kifupi cha Kiingereza, EATRO, na ilihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Swali lake kubwa lilikuwa hili: vimelea vya malale hujificha wapi wakati hakuna binadamu mgonjwa? Wanyama walishukiwa. Tatizo ni kwamba kimelea kinachomwingia binadamu na kile kisichomdhuru hufanana kabisa chini ya hadubini. Palikuwa na njia moja tu ya kuvitofautisha, nayo ilikuwa kumdunga mtu na kungoja.

Ndivyo ilivyofanyika. Mwaka 1958 Heisch, McMahon na Manson-Bahr walitangaza kwamba kimelea walichokitoa kwa pongo aliyepigwa risasi Nyanza ya Kati, Kenya, kilimwambukiza mtu aliyejitolea. Malale yalipolipuka Alego mwaka 1964, Onyango, van Hoeve na de Raadt wa EATRO walichunguza mifugo, na mwaka 1966 wakachapisha ushahidi kwamba ng'ombe nao wanaweza kuhifadhi vimelea vya kumwambukiza binadamu. Ushahidi huo pia ulipita katika mwili wa mtu aliyejitolea. Ugunduzi huu ulibadilisha mbinu za kupambana na malale: badala ya kuwatazama wanyama wa porini peke yao, ng'ombe wa zizini akatibiwa. Watu wengi wa Busia na Tororo wanaishi leo kwa sababu ya maarifa hayo, na ingekuwa utovu wa shukrani kuyasimulia kama jinai.

Hata hivyo tarehe zinasema jambo. Azimio la Helsinki, linalotaka mtu anayefanyiwa utafiti aelezwe na aridhie kwa hiari, lilipitishwa Juni 1964, mwaka uleule wa mlipuko wa Alego. Katika makala za enzi hiyo neno aliyejitolea hubeba mzigo wote wa ridhaa peke yake. Alielezwa nini, kwa lugha gani, na angeweza kukataa mbele ya nani? Neno moja haliwezi kujibu yote hayo. Kuficha jina lake kunaweza kutetewa, kwa kuwa kunamlinda. Lakini kuna ulinzi unaohifadhi jina mahali salama ili mwenyewe aweze kurudiwa, na kuna ulinzi unaolifuta.

Tororo hiyohiyo ndiyo iliyotafuta njia ya kuachana na sindano hiyo. Mwaka 1970 Rickman na Robson walieleza kipimo kipya: vimelea huchanganywa na damu ya binadamu katika chupa, kisha panya ndiye anayedungwa. Panya akiugua, kimelea kimestahimili damu ya binadamu, asipougua, hakikustahimili. Mwaka 1998 watafiti wa Brussels walionyesha kwamba ustahimilivu huo hutokana na jeni iitwayo SRA, na baada ya hapo hata panya hakuhitajika sana. Ilitosha kuitafuta jeni yenyewe maabarani.

Mtu, panya, jeni: ngazi hii ndiyo hoja bora ya wale wanaoisifu akili mnemba katika sayansi, ingawa wengi wao hawaijui Tororo. Chombo kipya hupunguza idadi ya miili inayowekwa hatarini. Ni hoja ya kweli na makala haya yanaikubali. Kinachokataliwa hapa ni kudhani kwamba swali la ridhaa linakwisha pamoja na sindano.

Namba zilizoishi kuliko taasisi

Vimelea vilivyokusanywa na EATRO viligandishwa na kupewa namba. Kimelea kilichotolewa kwa pongo nchini Uganda mwaka 1966 kiliitwa EATRO 1125. Kilisafiri hadi Antwerp, Ubelgiji, kikazaa aina ya maabara iitwayo AnTat 1.1. Kingine kilichotolewa kwa mbung'o aliyekamatwa Kiboko, Kenya, mwaka 1970, kilipewa namba EATRO 1534. Hiki kilipopewa jina jipya huko Edinburgh, TREU 927, ndicho kilichochaguliwa kusomwa jenomu yake, iliyochapishwa mwaka 2005 na kuwekwa wazi kwa yeyote duniani.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Kenya ikaanzisha taasisi yake Muguga, na kituo cha Tororo kikabaki na Uganda kwa jina jingine. EATRO ilikufa, lakini namba zake hazikufa. Programu ya AlphaFold ilipofunguliwa kwa watafiti mwaka 2021, Richard Wheeler wa Oxford aliitumia kubashiri maumbo ya protini za tripanosoma na lishmania, akayaweka hadharani ili wengine wayatumie kutafutia dawa. Kazi hiyo ni msaada mkubwa kwa maradhi yasiyovutia fedha za makampuni ya dawa. Nayo imejengwa juu ya jenomu za wazi, ikiwamo ile iliyotokana na nzi wa Kiboko.

Nzi haombwi ridhaa, bila shaka. Lakini mkusanyaji, taasisi na nchi vina haki ya kutajwa. Namba ya EATRO 1534 humwelekeza anayejua kuisoma hadi Tororo. Jina TREU 927 humwelekeza Edinburgh tu. Kadiri data inavyopanda ngazi ndivyo majina ya huku yanavyodondoka, na mashine inapoyameza yote kwa pamoja haitofautishi tena kilichotoka wapi.

Mbu wa Nagongera

Tangu mwaka 2011 mradi wa utafiti wa malaria uitwao PRISM umefuatilia afya za kaya katika Nagongera, wilayani Tororo, na kuanzia mwaka 2020 ukaongeza utafiti wa mpakani katika wilaya za Tororo na Busia. Sehemu ya data zake, baada ya kuondolewa majina, imewekwa katika hifadhi ya wazi mtandaoni. Hakuna siri wala hila katika hilo. Uwazi wa data ni desturi njema, na watafiti wa vyuo vyetu visivyo na fedha ndio wanaouhitaji zaidi.

Mbu nao walisafiri. Mwaka 2012 walikamatwa Nagongera, ndani ya nyumba za watu, na zaidi ya 100 kati yao waliingizwa katika mradi wa kimataifa wa kusoma jenomu za anofelesi. Mwaka 2017 mradi huo ulichapisha jenomu za mbu 765 kutoka nchi 8 za Afrika. Mwaka 2020 Battey, Ralph na Kern wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walizitumia jenomu hizo kuufundisha mtandao neva walioupa jina Locator. Kazi ya programu hiyo ni moja: ipe jeni za mbu asiyejulikana atokako, itakubashiria mahali. Imejifunza kwa kuoneshwa mbu ambao mahali pao panajulikana, na Nagongera ni mojawapo ya mahali hapo. Bahasha ya Bruce imerudi, safari hii bila karatasi.

Faida yake kwa mpaka wetu haihitaji maelezo marefu. Mtu akiugua malaria sugu Majanji, ni muhimu kujua kama kimelea ni cha hapo au kimevuka kutoka ng'ambo. Ila katika makala hiyohiyo ya mwaka 2020, Locator ilijaribiwa pia kwa vimelea vya malaria na kwa jenomu za binadamu. Hesabu ni ileile. Chombo kinachoweza kumuuliza mbu kwao ni wapi kinaweza kumuuliza mtu.

Hofu hii si ya kubuni. Mwaka 2009 idara ya uhamiaji ya Uingereza ilianzisha mradi wa majaribio wa kutumia vinasaba na kemia ya nywele na kucha kubaini kama waombaji hifadhi waliojitambulisha kuwa Wasomali walikuwa Wasomali kweli au walitoka nchi jirani kama Kenya. Wanasayansi, wakiwamo mabingwa wa jenetiki, waliukosoa vikali kwa sababu jeni haijui uraia, na mradi ukaachwa. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye foleni ya Busia na kuona jinsi familia moja ya Wasamia inavyobeba vitambulisho vya nchi mbili ataelewa kwa nini ubashiri wa aina hiyo ungekuwa upuuzi hapa. Upuuzi unaotolewa na mashine, hata hivyo, huwa na heshima ambayo upuuzi wa askari hauna.

Sheria zinafika wapi? Uganda na Kenya zote zilitunga sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, na zote zinampa mtu haki fulani dhidi ya uamuzi uliofanywa na mashine peke yake. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inahusu mgawanyo wa faida zitokanazo na viumbehai vya nchi, na Februari 2025 ulizinduliwa Mfuko wa Cali ili makampuni yanayonufaika na data za jeni zilizo mtandaoni yachangie. Jenomu za binadamu hazimo katika mpango huo. Kwa hiyo mtu ana sheria yake na mbu ana yake. Kimelea kilichomo ndani ya damu ya mtu, pamoja na mbu aliyeshiba damu ya mwenye nyumba, wamekaa kwenye mshono kati ya sheria mbili.

Kutumika na kutumiwa

Katika mkutano wa Kiswahili ni halali kuuliza lugha yetu inahusikaje. Fomu za ridhaa zinapotafsiriwa, sehemu ya matumizi ya baadaye huelekea kuandikwa hivi: "Sampuli zako zinaweza kutumika katika utafiti mwingine." Ni sentensi safi. Kasoro yake imo katika kiambishi kimoja. Kitenzi kutumika kiko katika kauli ya kutendeka, na kauli hiyo haina nafasi ya mtenda. Chombo huvunjika, njia hupitika, sampuli hutumika. Hakuna anayevunja, anayepita wala anayetumia. Kauli ya kutendwa, kutumiwa, huita mara moja kihusishi na, na nyuma yake lazima aje mtu: kutumiwa na nani?

Tofauti hii humgusa zaidi msikilizaji wa Majanji au Nagongera, ambaye pengine lugha yake ya nyumbani ni Lusamia, Dhopadhola au Ateso, na Kiswahili ni lugha ya soko na ya ofisi. Fomu husomwa kwa sauti na karani. Sentensi isiyo na mtenda hupita sikioni bila kumwachia msikilizaji mahali pa kuingizia swali. Maneno idhini na ridhaa nayo huchanganywa ovyo. Idhini ni ruhusa, hutolewa mara moja na mwenye mamlaka, hata chifu wa 1903 aliweza kuitoa kwa niaba ya watu wake. Ridhaa ni hali ya moyo wa mtu kutulia juu ya jambo analolijua; jambo likibadilika, ridhaa haina budi kutafutwa upya. Aliyeridhia damu yake ipimwe malaria hajaridhia ifundishe mashine kubashiri asili za watu, hata kama karatasi inasema matumizi mengine.

Sentensi mbadala ingesomeka hivi: "Sampuli zako, na data zitokanazo nazo, zitahifadhiwa na taasisi hii iliyotajwa juu. Zinaweza kutumiwa na watafiti wengine, wa hapa au wa nje, kuchunguza malaria, na pia kufundishia programu za kompyuta zinazobashiri. Mtu akitaka kuzitumia kwa jambo lisilohusu malaria, sisi tutakutafuta na kukuuliza kwanza." Watafiti watalalamika kwamba ahadi ya mwisho ni ghali, kwamba kaya huhama, kwamba data iliyokwisha kuwekwa wazi mtandaoni hairudishiki. Malalamiko hayo ni ya haki, na la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa maana linadai kwamba mtu aambiwe jambo hilo kabla data haijawekwa wazi. Fomu itarefuka kwa mistari mitatu hivi, na chini yake patahitajika nafasi ya namba ya simu, ya mshiriki na ya mtu wa kumwulizia iwapo mshiriki atakuwa amevuka ng'ambo ya Sio.